Uzi maalumu: Kijarida cha bure cha mashairi na michoro, hapa hapa Mwanza

MwanaKirumba (mtoa uzi)

Wakuu, salaam.

Mwanza hatuna shida ya watunzi. Ingia saluni yoyote hapa Kirumba utakuta dada ana daftari la mashairi chini ya droo ya rasta. Panda bajaji, nyuma kuna mchoro ambao ungetiwa fremu watu wangeulipia. Shida yetu ni kusubiri. Mwenye daftari anasubiri mchapishaji wa Dar, mwenye brashi anasubiri maonyesho, na wote wawili wanasubiri mdhamini.

Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kimekuja kutoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 mswada unazunguka, na huyo alikuwa na watu wa kumhangaikia. Mimi na wewe tutasubiri mingapi?

Napendekeza tuanze kijarida cha bure. Mashairi na michoro, cheusi na cheupe, karatasi moja tu ya A4. Nimesema moja kwa makusudi. Kikiwa kidogo kiasi kwamba mtu yeyote anaweza kukilipia toka mfukoni, hatuna haja ya kumpigia mtu magoti, na hakuna atakayetuambia shairi gani litoke na lipi libaki.

Kwa ambao hawajawahi kuona kinavyokunjwa: lalisha A4 kwa upana, ikunje upate vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Kila chumba ni milimita 74 kwa 105, kinaenea kiganjani. Safu ya chini, kuanzia kushoto, weka ukurasa wa 6, wa 7, wa 8, na wa 1. Safu ya juu yote inakaa kichwa chini, na kuanzia kushoto ni wa 5, wa 4, wa 3, wa 2. Ukishapiga kopi, kata kwa mkasi ule mkunjo wa katikati, lakini vyumba viwili vya ndani tu, mkasi usifike ukingoni. Kisha ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume zikutane mpaka lile tundu lifunguke, zungusha kurasa. Kitabu hicho. Hakuna pini wala gundi.

Kopi upande mmoja ni shilingi 100 mitaa mingi, ukibeba nyingi wanakushushia mpaka 50. Nakala 200 ni kati ya 10,000 na 20,000. Watu wanne wakichanga hakuna atakayelala njaa.

Ukurasa wa mwisho uwe na mstari mmoja tu: nakili, gawa, usiuze, usifute jina la mtunzi.

Karibuni. Matusi pelekeni kwenye jukwaa la siasa.

---

Ngosha Halisi

Nimekaa hapa mbele, nasubiri kahawa.

---

Mpita Njia

Mkuu wazo zuri ila cha bure hakithaminiwi. Utagawa asubuhi, mchana utakiona kimefungiwa karanga pale Makoroboi. Weka hata mia tano mtu aone uchungu.

---

MwanaKirumba

Mpita Njia, magazeti ya kulipia nayo yanafungia karanga, tena mazito zaidi. Karatasi ikishatoka mkononi mwangu ina safari yake. Na aliyenunua karanga za mia mbili akakuta beti mbili ndani amepata nyongeza.

Ukiweka mia tano inabidi uwe na muuzaji, muuzaji atataka chake, itabidi uhesabu zilizobaki, na siku ukikosa chenji mnagombana. Zaidi ya hapo, ukiuza utaanza kutaka kumkataza mtu asinakili. Mimi nataka anakili. Nataka mtu wa Sengerema akichukue kimoja, aingie steshenari ya kwao, atoe hamsini zake bila kunipigia simu. Kikiwa na bei hilo nitaliona wizi. Kikiwa bure ndiyo kazi yenyewe.

---

Bint Nansio

Mimi nipo Ukerewe, naunga mkono. Swali la kwanza: kwa nini karatasi na kila mtu ana simu? Swali la pili: mnapokea masivina, yaani mashairi huru, au mpaka vina na mizani? Maana nikisema mshairi huku naulizwa kina cha kati kiko wapi.

---

MwanaKirumba

Dada, simu ina bando na bando lina mwisho. Kwenye kivuko cha Kamanga watu wamekaa, wameshachoka kuangalia maji, wanatafuta cha kushika. Kinyozi ana wateja watatu kwenye foleni na gazeti la mwezi jana. Hao ndio wasomaji wangu. Halafu shairi kwenye grupu la WhatsApp linapitwa na tangazo la msiba, mchango wa harusi na video ya mbwa, kesho hulioni tena. Kile cha karatasi kinasahaulika kwenye mfuko wa suruali, kinaibuka wiki ya pili wakati wa kufua. PDF tutatoa pia kwa walio mbali, sina ugomvi nayo.

Swali la pili namwachia Mwalimu Vina, namwona yumo humu anasoma kimya kimya.

---

Mwalimu Vina

Nimo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, sasa nimestaafu, nina muda wa kugombana na ninyi.

Shairi ni mpangilio. Mizani 16 kwa mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane utao, yaani nusu ya pili, kina cha kati na kina cha mwisho, beti zikatosheleza, kituo, yaani mshororo wa mwisho, kikafunga. Anayeshindwa kuhesabu mpaka 16 asiseme ameasi, aseme ameshindwa. Nimeletewa mstari huu juzi na kijana mmoja:

*Ziwa letu la thamani, tulilinde sote*

Ukwapi umetimia nane. Utao una sita, mizani mbili zimezama majini. "Tulilinde sisi sote" ingefika nane bila jasho. Hilo ni guni, shairi lililopungukiwa mizani, na mtu hata hakusoma kwa sauti kabla ya kuleta.

---

MwanaKirumba

Shikamoo mwalimu.

Kwenye hesabu umemaliza. Lakini hata ukimtimizia nane zake, ule mstari bado haujasema kitu. Ziwa la thamani, tulilinde, hiyo ni fulana ya semina. Kijana kakulia Igogo, ana harufu ya dagaa puani tangu azaliwe, kwa nini aandike kama bango la mradi? Kama nina ukurasa mmoja uliobaki na mikono miwili inauomba, mmoja una mizani kamili na maneno ya semina, mwingine umevunja mizani ila umeona kitu, nitachukua wa pili.

---

Mwalimu Vina

Marahaba. Wa pili mrudishie, aone kitu na ahesabu pia. Kwani vinakatazana?

---

Bint Nansio

Shikamoo mwalimu. Sasa mimi natoka Ukerewe, kisiwa cha Kezilahabi, nikinyamaza hapa wa nyumbani hawatanielewa. Marehemu Euphrase Kezilahabi amezaliwa Namagondo mwaka 1944, diwani yake ya kwanza ya mwaka 1974 haikufuata vina wala mizani, na wazee wa wakati ule walimwandama kwelikweli. Leo anafundishwa sekondari na vyuo vikuu. Basi tusianze vita iliyokwisha piganwa kabla hatujazaliwa.

Hili langu, fupi, la daladala:

*Konda ana chenji ya kila mtu*
*isipokuwa yangu.*
*Nashuka Mabatini*
*nikilidai jiji*
*mia mbili.*

---

Kaka Bajaji

😂😂 Dada umetuonea watu wa usafiri, ila ni kweli.

---

Mwalimu Vina

Marahaba mwanangu. Hilo nimelisoma mara mbili, sipendi kuliita shairi, lakini lile "nikilidai jiji" limenikaa. Lichapisheni. Ila nami mnichapishie hili, mkae mkihesabu kwa vidole:

*Usiku juu ya maji, taa zinametameta,*
*Si nyota wala si mji, wavuvi wanatafuta,*
*Jikoni wapoa uji, mama lepe hajapata,*
*Kukicha pale Mwaloni, bei nani ataleta?*

Kabla hamjasema: kina cha kati cha kituo nimekiacha kwa makusudi, kituo kinaruhusiwa kwenda na vina vyake.

---

MwanaKirumba

Mwalimu, huo mshororo wa nne ndio kijarida chenyewe. Mvuvi amekesha na karabai, mama amekesha na uji, halafu asubuhi Mwaloni, pale kwenye soko la samaki ziwani, bei inatamkwa na mtu aliyelala usingizi wake wote. Hujalalamika hata neno, umeuliza tu.

Ila kuna jambo la ufundi hapa, wenye mashairi ya kimapokeo wote walisikilize. Ukurasa wetu una upana wa milimita 74. Ukiacha nafasi pembeni unabaki na kama 54 za kuandikia. Mshororo wa mizani 16 una herufi arobaini hivi. Haukai, labda uuandike kwa herufi za maelezo ya vidonge. Kwa hiyo itabidi tukate kwenye koma, ukwapi mstari wake, utao mstari wake. Ubeti wa mishororo minne unakuwa mistari minane.

---

Mwalimu Vina

Hapana. Ukikata hivyo msomaji ataona mistari minane, atasema huu ni utenzi uliopotea njia. Jicho linatakiwa lione vina vya kati vimesimama wima, ji, ji, ji, kama nguzo za nyumba. Nguzo zikihamia ukutani nyumba haina maana.

---

Fundi Steshenari

Samahani wakuu, mimi nipo kwenye biashara ya kopi, niwatoe wasiwasi. Kuna njia mbili.

Moja, mwalimu apewe kurasa mbili zinazotazamana, kwa mfano wa 4 na wa 5. Ukwapi unakaa ukurasa wa kushoto, utao wa kulia, mkunjo wa karatasi unapita pale pale kwenye koma. Kwenye A4 kurasa hizo zimegusana, kwa hiyo hazitapishana hata kidogo.

Mbili, mtengeneze toleo la A5, yaani A4 inakunjwa mara moja tu. Upana unakuwa milimita 148, mshororo mzima unakaa na nafasi inabaki. Ila hapo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12, 16. Na mpangilio wake unachanganya watu kila siku dukani. Siri ni kwamba kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa zinazidi idadi ya kurasa zote kwa moja. Kijarida cha kurasa 16, jumla ni 17: wa 16 na wa 1, mgongoni kwake wa 2 na wa 15, karatasi inayofuata wa 14 na wa 3, mnaendelea hivyo mpaka wa 8 na wa 9 katikati.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A5. Usinunue ile ndefu. Funua stepla yako, weka boksi tupu chini, gonga, pini itaingia kwenye boksi, ing'oe ukunje meno kwa kijiko. Au shona kwa sindano na uzi, matundu matatu.

---

Mwalimu Vina

Wewe fundi umesoma wapi? Ukwapi kushoto, utao kulia, mkunjo kwenye koma. Nakubali. Nipeni ya 4 na ya 5.

---

MwanaKirumba

Imepita. Na A5 siikatai, ila angalieni hesabu: kurasa 16 za A5 ni karatasi nne mbele na nyuma, yaani kopi nane. Kwa bei ya 100 kila nakala ni 800. Kile cha karatasi moja ni 100. Kwa pesa ya nakala moja ya A5, cha karatasi moja kinafika kwa watu wanane. Mpaka tupate sababu ya kweli ya kurasa 16, tubaki na karatasi moja. Watu wanapenda unene kwa sababu unafanana na gazeti la kweli. Sisi hatutafuti kufanana na mtu.

---

Mchoraji wa Mabatini

Uzi mzuri, ila mnaongelea mashairi tu, wachoraji tumewekwa wapi? Nina michoro ya penseli, ninaweza kuscan kwa simu nikaleta?

---

Fundi Steshenari

Kaka, penseli kwenye kopi inatoka kama mtu alipumulia karatasi. Bluu ya bairo nayo inafifia. Chora kwa wino mweusi wa kweli, kalamu ya maka ile nyembamba. Kivuli usikipake, kichore: mistari iliyokaribiana au nukta. Ukipaka kijivu mashine inaamua yenyewe, nusu inafanya nyeusi tititi, nusu inafuta. Picha za simu hivyo hivyo, pandisha utofauti wa giza na mwanga mpaka uone umeiharibu, hapo ndipo itatoka vizuri.

Halafu mashine haichapi mpaka ukingoni, inakula kama nusu sentimita kila upande. Acheni sentimita nzima. Msiweke jina la mtunzi pembeni, litaliwa.

Na tunzeni nakala mama. Kopi ya kopi ya kopi kila ikirudiwa inapoteza mistari myembamba na kuongeza madoa. Nakala mama iwe kwenye bahasha ngumu, isikunjwe hata mara moja, mkunjo ukishaingia unatoka mstari mweusi kwenye kila nakala.

---

Mchoraji wa Mabatini

Nimekupata fundi. Nianze na Jiwe la Bismarck?

---

MwanaKirumba

Kaka yangu, naomba kwa heshima zote. Jiwe la Bismarck liko kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye kila picha ya anayeshuka Mwanza kwa mara ya kwanza. Limechoka na sisi tumelichoka. Mabatini kwenu kuna nyumba zimepandiana juu ya mawe mpaka mlango wa jirani mmoja uko usawa wa bati la mwingine. Kuna mama anapandisha ndoo ngazi ambazo hakuna aliyezijenga, zimechongwa na miguu tu. Nichoree hizo. Nikitaka jiwe nitaenda nilitazame, lipo.

Tena upande wa nyuma wa A4 uko wazi kabisa, kijarida kikifunguliwa chote ndani kuna nafasi ya mchoro mmoja mkubwa wa kubandika ukutani. Unaongeza gharama ya upande wa pili, lakini mimi naona inalipa. Kuna watu watakibeba kwa ajili ya huo mchoro tu, mashairi watayasoma baadaye wakikosa kazi.

---

Kaka Bajaji

Nakala mia nibebe mimi. Abiria akipanda nampa, akishuka ashuke nacho. Ila msiweke siasa, mimi nina leseni ya kulinda.

---

Mpita Njia

Hapo kwenye siasa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka magazeti yawe na leseni kutoka Idara ya Habari Maelezo. Mmefikiria? Msije mkaitwa kituoni kwa sababu ya shairi la chenji.

---

MwanaKirumba

Hoja ya maana, ahsante. Sisi hatutoi habari, hatuna wahariri wa habari, hatuna tangazo wala bei. Ni mashairi na michoro. Lakini sipendi kufanya kitu kwa kujificha. Kabla hatujaanza kutoa kwa ratiba ya kila mwezi, nakala ya kwanza naipeleka mwenyewe kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, nakaa kwenye benchi, namweleza, nasikia anachosema. Ukishamkabidhi mtu wa ofisi karatasi iliyokunjwa vizuri mkononi anaisoma hapo hapo.

Upande wa hakimiliki ndiko wengi watakosea bila kujua. Kwa sheria ya mwaka 1999 hakimiliki inakuwa yako tangu unapoandika, huhitaji kwenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza ndipo iwe yako. Mkinipa shairi, mnanipa ruhusa ya kulichapa humu tu, na watu wakinakili kijarida kama kilivyo, likibaki lenu. Mtu asije na mashairi ya bongofleva akasema ni ya wote. Na kuna aliyenitumia ujumbe pembeni akitaka tuchape kipande cha Kitereza. Haki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, mzee kafariki 1981, kwa hiyo mpaka 2031 bila ruhusa ya wenye haki hatugusi. Tuna vya kwetu vya kutosha.

---

Ngosha Halisi

Kahawa imefika, sasa naongea. Mnapokea Kisukuma? Babu yangu alikuwa ningi, mtunzi na mwimbaji wa ngoma, nyimbo zake nyingine ninazo kichwani. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma, walikuwa wanashindana kwa maneno kabla hata ngoma haijapigwa vizuri, na pale Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi wa sita bado wanashindana. Yale ni mashairi, ila ukiyaweka kwa Kiswahili yanapoa.

---

MwanaKirumba

Tunapokea. Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara, chochote kinachosemwa pembezoni mwa hili ziwa. Yaache kwa Kisukuma chake, chini weka mistari miwili ya Kiswahili inayosema wimbo unahusu nini, basi, usitafsiri neno kwa neno. Asiyejua atamuuliza jirani, na Mwanza hukosi jirani Msukuma.

Ila nyimbo za babu andika jina la babu. Wewe andika umezikumbuka.

---

Mwalimu Vina

Hilo la jina nimelipenda. Na kama waliozitunga bado wako hai kwenye vikundi vyao, waulizwe kwanza.

---

Bint Nansio

Usambazaji huku visiwani niachieni. Nakala 50 zinakaa kwenye mkoba wa kawaida. Nikishuka Nansio nagawa kwa wauza maandazi bandarini, maana kila anayesubiri chombo lazima apite kwao. Mashuleni sitapeleka kabla sijaongea na walimu wakuu, mzazi akikuta mwanae ana karatasi asiyoijua anaanza maswali.

Ushauri wangu mwingine: msitupe rundo sehemu moja. Weka tano kwa kinyozi, tano kwa mama ntilie, tano maktaba ya mkoa, rudi baada ya siku chache uone zipi zimeisha. Zilizobaki zikiwa zote, hamisha. Na muulize mwenye eneo kwanza, hata kama ni meza ya kahawa. Ukimpa yeye nakala ya kwanza atazilinda hizo nyingine.

---

Fundi Steshenari

Kuhusu wingi. Mkiwa na nakala chini ya mia, kopi ya kawaida inatosha. Mkifika mia tatu kwenda juu, tafuteni mtu mwenye riso, zile mashine zinazopiga mitihani ya mashule. Inatoboa masta moja, gharama kubwa iko hapo, baada ya hapo kila karatasi ni senti. Tahadhari: unga wa kopi unachomwa kwa joto unashika, wino wa riso unanyonywa taratibu na karatasi. Ukikunja zikiwa mbichi vidole vyote vinakuwa vyeusi na shairi la mwalimu linahamia ukurasa wa jirani. Ziacheni zikauke ndipo mkunje.

Na kukunja kwenyewe msidharau. Nakala mia tatu kwa mkono mmoja ni kazi. Ukingo wa rula ya plastiki unapitisha mkunjo vizuri kuliko kucha.

---

Kaka Bajaji

Kukunja tukutane Jumapili jioni, kila mtu aje na mkasi wake. Nitaleta soda, mdhamini ni mimi 😂

---

MwanaKirumba

Soda tunapokea, nembo ya bajaji hatuweki 😂

Mpango sasa. Kurasa ziko hivi: wa 1 jina na mchoro mdogo, wa 2 Bint Nansio na chenji yake, wa 3 wimbo wa babu yake Ngosha, wa 4 na wa 5 Mwalimu Vina, wa 6 na wa 7 ziko wazi, wa 8 ule mstari wa nakili na ugawe. Mgongo mzima ni wa Mabatini. Mwenye kitu cha kurasa za 6 na 7 alete kabla ya mwisho wa mwezi. Nikipata viwili vizuri, kimoja kinasubiri toleo la pili, mwenyewe namwambia wazi, simfichi. Tukiwahi tutoe kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, watu watakuwa na masikio. Tukichelewa tusubiri Nane Nane, Nyamhongolo kunajaa. Tukichelewa zaidi tutoe siku yoyote ya Jumanne, hakuna anayetudai.

Jina la kijarida bado sina. Msilete lenye neno "sauti ya".

---

Mwalimu Vina

Liitwe Utao.

---

Bint Nansio

Mwalimu kashajipendelea 😂 Mimi nimesema Mwaloni, watu wote wa ziwa wanaelewa.

---

Ngosha Halisi

Mwaloni. Mtu wa Musoma naye akikishika anajua ni mahali gani kwao.

---

MwanaKirumba

Mwaloni imepita, mwalimu atachagua jina la toleo la pili. Fundi, nakala mama nikikuletea Jumatatu utatupigia kwa 50?

---

Fundi Steshenari

Kwa 50 sawa, ila karatasi za kujaribia mlipe. Njoo asubuhi kabla ya saa tatu, wanafunzi wa chuo wakishaanza kuleta ripoti zao mashine haishikiki. Na hakikisha safu ya juu umeigeuza kichwa chini, nitaangalia kabla sijabonyeza.